Ufito wa Binti Yake

Jumanne, 3 Juni

Na mikono yake, sasa. Jana sikumaliza. Mume wangu aliingia chumbani nikalisukuma daftari chini ya mto kama mwanafunzi mwenye barua ya mapenzi. Nilikuwa namwandika yeye, nimefika kwenye macho. Leo mikono.

Mtu akiona gari lake, na lile jengo la ghorofa sita analomalizia, atadhani akimpa mkono atashika kitu laini. Thubutu. Viganja vigumu kama soli. Kidole gumba cha kushoto kina kovu la nyundo, la mwaka alioanza uashi. Akinigusa shavu ni kama ukuta umejifunza kubembeleza. (Hii nzuri. Nimwambie? Hapana, atanicheka.)

Siku thelathini na nane tangu harusi. Nasema "mume wangu" kila nikipata upenyo. Leo nimemwambia muuza nyanya, "Mume wangu anapenda zilizoiva sana." Wala hakuwa ameniuliza. Dada yangu anasema kwenye simu eti nimekuwa redio ya stesheni moja. Acha niwe. Betri bado mpya.

Nataka niandike tulivyokutana kabla sijaanza kupamba. Shangazi yangu alikuwa ananunua fleti, mimi nikamsindikiza. Tulitegemea karani. Akaja mwenye majengo mwenyewe, penseli sikioni, ufito mkononi — ule ubao mwembamba tu, wa kawaida. Akamwambia shangazi, "Kunja mkono, mama, kama unakata kitunguu." Akatia alama kwenye kiwiko, akashuka vidole vinne, akatia nyingine. Hapo ndipo kaunta ya jiko itakapofika. "Jiko linajengwa kwa kiwiko cha mpishi," akasema. Mafundi wote wanamwita Kiwiko kwa sababu hiyo.

Kisha akanigeukia. "Na wewe?"

"Mimi sinunui."

"Sijakuuliza kununua. Nimekuuliza kiwiko."

Basi nikakunja mkono. Mwaka mzima baadaye ndipo alipoomba mkono wote, kwa posa.


Alhamisi, 5 Juni

Nimempelekea chakula saiti. Mlinzi ananiita shemeji, wapaka rangi wananiita shemeji, hata mchanganya zege alizima mashine ili aseme shemeji isikike. Nilipanda ngazi zile kama bibi harusi kwa mara ya pili. Ghorofa sita, fleti ishirini na nne, na zote zimeshapata wenyewe. Wiki mbili zijazo wanakabidhiwa funguo.

Msimamizi wake ni mzee mcheshi sana. Walianza kazi siku moja, wakiwa vijana wa kubeba maji ya kuchanganyia saruji. Ananiambia, "Shemeji, sote tulibeba ndoo zilezile. Yeye akitua ndoo anamwangalia mwashi anavyopanga tofali. Mimi nikitua ndoo ninaikalia."

Mume wangu akacheka mpaka akaweka kijiko chini.

Aliacha shule mapema, hilo hafichi. Kutoka ndoo akawa mwashi. Akajenga chumba kimoja kwa matofali yaliyovunjika, yaliyotupwa na wengine. Akakiuza, akajenga viwili. Akaviuza, akajenga nyumba. Hakurithi hata kokoto. Na mimi ndiye ninayemfulia mashati! Najiona kama nimeokota kitu watu wamekipita.

Palikuja mke na mume kupimiwa jiko. Mke mfupi, mume mrefu kama nguzo. Kiwiko akamwinamia mke na ufito wake. Mume akakohoa. "Pima mimi. Huyu kazi yake kuchemsha maji ya chai, na yenyewe anayaunguza." Mke wala hakukasirika, akakubali kwa kichwa. Akapimwa mume.

Tukiwa wawili nikamuuliza kwa nini viwiko. Akaniambia mama yake alipika miaka ishirini katika jiko la shule ya bweni. Kaunta ilikuwa ya chini mno kwake, na hakuna aliyejali. Mpaka uzeeni mgongo haukunyooka tena. "Mtu hapaswi kuinama ndani ya nyumba yake," akasema, akaendelea kula.

Nami nikaangalia pembeni nisimlilie kwenye chakula.


Jumapili, 8 Juni

Nyumba yetu hii aliimaliza mwezi mmoja kabla ya harusi. Miaka yote amejengea watu, yeye akipanga. Jiko langu ni la kiwiko changu. Nakata kitunguu nimesimama kama malkia.

Lakini kuna chumba kimoja sijakiona. Cha binti yake. Ufunguo unakaa kwenye mfuko wa shati, na shati likibadilishwa ufunguo unahama nalo. Kila Jumapili baada ya chakula anajifungia mle na sanduku la vifaa. Nasikia msumeno, randa, halafu filimbi. Hapigi filimbi popote pengine.

"Hata mimi?" nikamuuliza leo mlangoni.

"Hata wewe. Wa kwanza kukiona ni mwenye chumba."

Binti ana miaka kumi na mitatu. Mama yake alifariki akiwa na saba, na tangu hapo analelewa na bibi yake mzaa mama, mji wa pili, saa mbili kwa basi. Mume wangu humfuata mara mbili kwa mwezi, humtoa kwa gari, humrudisha. Jumamosi ijayo anakuja na bibi yake kuiona nyumba kwa mara ya kwanza. Kikimpendeza, shule zikifungwa anahamia. Bibi alishasema wazi: mtoto ataamua kwa kinywa chake, na akisema hapana, asiletewe wazee wa kumbembeleza.

Kwa hiyo Jumamosi ndiyo siku. Mume wangu aliyekabidhi mamia ya nyumba anaogopa kukabidhi chumba kimoja. Nampenda kwa hofu hiyo kuliko kwa ghorofa zote sita.


Jumatano, 11 Juni

Nimeona kitu stoo.

Nilikuwa natafuta ndoo ya kudekia. Nyuma ya mlango kuna fito zake zote, zimesimama kama mishale. Kila moja ina jina la mwenye nyumba kwa zile herufi zake kubwa zilizopinda. Nimeuona wa shangazi. Nimeuona wangu — amenichorea na ua! Nimelibusu ua, ndiyo, peke yangu stoo, na sioni haya.

Halafu nikauona wa binti. Alama nne: goti, kiwiko, bega, utosi. Na chini pameandikwa tarehe. Ya miaka sita iliyopita.

Mwandiko si wake. Ni mwandiko wa kike, mzuri, umeinama kidogo kuelekea mbele. Nikajua ni wa nani. Wakati ule walikuwa wanapanga kujenga nyumba yao wenyewe, aliwahi kuniambia. Yeye alipima, mkewe akaandika. Mkewe akafariki hata msingi haujachimbwa.

Nikausimamisha ufito ubavuni mwangu. Utosi umeishia kwapani.

Nimesema moyoni, lazima kuna mwingine. Fundi wa namna hii hawezi kutumia kipimo cha zamani. Nikaenda kuangalia picha ya harusi sebuleni. Binti amekaa chini mbele yetu na maua mapajani. Nikajaribu kukumbuka urefu wake na siku ile sikuona kitu zaidi ya bwana harusi wangu. Ila nakumbuka mpiga picha alimwambia, "Wewe kaa chini, unamziba bibi harusi."

Nimuulize? Amerudi jioni anapiga filimbi, akasema bado droo moja tu. Nikanyamaza. Mke wa siku arobaini na sita ataanzaje kumsahihisha fundi vipimo? Na kwa kunyooshea kidole mwandiko ule? Nitaonekana namwonea wivu marehemu.

Lazima kuna mwingine.


Jumamosi, 14 Juni

Hapakuwa na mwingine.

Walifika saa kumi. Bibi mbele, mkoba umeshikwa kwa mikono miwili. Binti nyuma na viatu vya shule vilivyong'arishwa. "Shikamoo, mama mdogo." Nikainama kidogo kumkumbatia, kama unavyomwinamia mtoto — ikabidi ninyanyuke tena. Yuko usawa wa macho yangu. Miguu mirefu, shingo ndefu, mabega ya baba yake.

Mume wangu aliwatembeza. Jiko, sebule, bafu. Alimwaga ndoo ya maji sakafuni waone yanavyokimbilia yenyewe kwenye tundu. Bibi aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. "Lipu imeshika," akasema. Nimeambiwa hilo kwa bibi ni hotuba nzima ya sifa.

Kisha mlango ule. Akatoa ufunguo mfukoni. Ilimchukua mara mbili kuuingiza.

Ee Mungu, kizuri! Rangi ya manjano hafifu kama ndani ya embe bichi. Kitanda chenye droo. Meza chini ya dirisha. Rafu ya vitabu. Kioo chenye fremu aliyoichonga ndege, mmoja mmoja, kwa patasi, Jumapili zote zile. Kila pembe imepigwa msasa hadi unatamani kuweka shavu. Sijawahi kuona kazi ya upendo kama ile.

Na kila kitu kifupi.

Binti alisimama mbele ya kioo. Kilimwonyesha vifungo vya shati. Akainama, akaiona sura yake, akanyooka. Akakaa kwenye kiti na magoti yakagota meza kwa chini, kalamu zikaruka. Hakuna aliyecheka. Akatoka kwenye kiti taratibu, akaelekea kitandani, akakipima kwa macho, hakukikalia.

"Baba," akasema, kama anayeuliza njia, "humu atakaa nani?"

Mume wangu akadhani ni utani. "Wewe, mama yangu. Nani tena?"

Binti akaangalia meza. Nami nikamwona mume wangu akiangalia meza. Halafu kitanda, halafu kioo. Macho yake yanajua vipimo kuliko tepu. Yaliona yote kwa mara moja. Mkono ukamwenda sikioni kutafuta penseli, na penseli hakuwa nayo.

Bibi ndiye aliyesema, na hakusema kwa ubaya. "Mkwe wangu, mtoto si zege. Kwamba ukimwacha utamkuta alivyomwagwa."

"Ni kizuri," binti akasema haraka. "Asante, baba."

Ile asante ilikuwa na adabu kama ya mgeni. Afadhali angelia.

Tulikunywa soda. Mlangoni bibi akamuuliza waziwazi, sote tukisikia: umeonaje, utahamia? Binti akaangalia viatu vyake. "Nitabaki kwa bibi kwanza."

Nimeling'ang'ania hilo "kwanza" jioni nzima kama mtu aliyeshika ukuta gizani.


Jumapili, 15 Juni

Hakuna msumeno. Hakuna filimbi. Alikaa mle chumbani kwenye kile kiti kidogo, magoti kidevuni, mlango wazi. Nilimpelekea chai. Akasema asante — ileile ya binti.


Jumatatu, 16 Juni

Tumegombana. Mara ya kwanza. Lakini naandika.

Tulikuwa ndani ya gari kwenda saiti. Akaanza mwenyewe, macho barabarani. "Unajua kwa nini sikuona? Kila ninapokuwa naye, ameketi. Kiti cha gari, kiti cha mgahawa, kiti cha gari. Namshusha langoni, napiga honi, naondoka. Nina viwiko vya wake za watu kichwani, cha mwanangu sina."

Ningenyamaza hapo. Lakini nimelelewa kusema kweli. Nikamwambia niliuona ufito Jumatano.

Akasimamisha gari kando.

"Uliuona."

"Niliuona."

"Na ukaniacha nifungue mlango."

Nikamweleza: mwandiko. Kwamba niliogopa. Kwamba mimi ni nani wa kuja na mwezi wangu mmoja wa ndoa nikasema kipimo alichoandika mama wa mtoto kimepitwa. Pikipiki tatu zikapita. Halafu akasema, kwa sauti ya chini sana, "Mimi pia niliogopa. Nikipima upya, ule unakuwa kuni."

Nilitaka kumshika mkono, sikujua kama naruhusiwa. Akanishika yeye. Viganja vilevile. "Siku nyingine niambie," akasema. "Hata kama nakata mbao. Hasa kama nakata mbao."

Basi tumepatana. Lakini binti yuko kwa bibi.


Alhamisi, 19 Juni

Amevaa ovaroli yake ya zamani, haifungi tena tumboni, na amekivunja chumba. Kitanda, meza, rafu. Kila kidude kwa mkono wake. Kioo tu amekishusha mzima, akakifunga kwa shuka.

Msimamizi alikuja na makaratasi ya makabidhiano, akamkuta na nyundo. "Bosi, una mafundi arobaini."

"Hawakumkosea hao."

Msimamizi akanitazama, akavua koti, akaanza kutoa misumari kwenye mbao na kuinyoosha. Hakutafuta ndoo ya kukalia, nimemwambia, na akacheka. Nilibeba vifusi na karai. Nywele zangu zina vumbi, mgongo unauma, na nimeolewa na mtu mzuri kuliko wote. Mtu wa hadhi yake angeweza kuagiza samani mpya na kukitia chumba kufuli kwa aibu. Yeye amekiri mbele ya msimamizi wake, tena bila kujikuna.

Ila jioni alinisimamisha mlangoni na mbao mpya. "Simama hapo. Mko sawa wewe na yeye, si ndiyo?"

Nikakumbuka ahadi ya garini. "Mume wangu, unakata mbao. Nakwambia. Unabahatisha tena."

Akaweka msumeno chini. Kwenda kwa bibi mwenyewe anaona haya, ingawa hasemi. Nimemwomba anichongee ufito mpya, mrefu, usio na alama. Jumamosi naenda mimi.


Jumamosi, 21 Juni

Nilipanda basi la asubuhi na fito mbili zimefungwa kwa gazeti. Abiria wa pembeni akaniuliza kama nauza fimbo.

Binti alikuwa uani, anafua soksi za shule. Akanisalimia, akaangalia gazeti. Bibi aliniwekea kiti, kisha akakumbuka ghafla kwamba ana jambo kwa jirani. Nampenda bibi huyu.

Nikamwambia baba yake amebomoa. Mikono ikasimama ndani ya povu. "Chote?"

"Kimebaki kioo."

"Kile cha ndege," akasema. Kwa hiyo aliwaona.

Nikafungua gazeti. Nikampa ule wa zamani, nikamweleza pasipo kuzunguka: baba yako hakukosea kusoma, alisoma kipimo hiki. Akakausha mikono kwenye sketi. Akausimamisha ufito ubavuni. Utosi ukaishia kwapani. Akacheka — kicheko cha baba yake kabisa, cha kuweka kijiko chini. "Nilikuwa hivi? Si kuku huyu?"

Halafu akaona maandishi.

Hakuuliza. Alipitisha kidole juu ya kila neno. Goti. Kiwiko. Bega. Utosi. "Mama alinishika kichwa nisitikisike," akasema. "Baba akawa ananitekenya kwa penseli." Sikuona wivu hata chembe, naapa. Niliona kama nimeruhusiwa kuingia ndani ya chumba ambacho hata ufunguo wake siujui.

Nikamwonyesha ufito mpya. "Nikupime, nimpelekee?"

Akanitazama kuanzia juu hadi chini. "Wewe si fundi, mama mdogo."

"Kweli."

"Utanipunguzia."

"Naweza kukuongezea pia."

Akatabasamu, akaurudishia gazeti ule mpya. Ule wa zamani akabaki nao. "Huu nauweka mimi," akasema, na si kwa kuomba. Tukaanika soksi pamoja. Alinipa ujumbe mara mbili ili nisikosee.

Nimefika nyumbani mchana. Mume wangu yuko ndani ya chumba kitupu, kuta zenye makovu, mbao mpya zimeegemezwa, hakuna iliyokatwa. Amevaa shati safi. Penseli sikioni. Akafungua gazeti kwa pupa, akaugeuza ufito huku na huku kwenye mwanga wa dirisha.

"Mbona hauna alama?"

"Hauna."

"Na ule mwingine?"

"Kaubakiza."

Akakaa chini kwenye saruji, huyu mwenye ghorofa sita, ufito magotini. Naandika hapahapa, nimeketi mlangoni, maana ananiomba niseme tena alivyosema, na hii ni mara ya nne, na kila mara ananikatiza katikati aulize alikuwa amevaa nini, alikuwa anacheka au la. Nimemwambia nitaliandika, alisome mwenyewe. Ndivyo alivyosema, neno kwa neno:

"Mwambie baba asipige hata msumari mmoja. Nitakuja kabla mwezi haujaisha. Na safari hii anipime nimesimama."